Mkono Unaovuta Upinde

Katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, mwenye upinde huruhusiwa kuingia msituni kuwinda kulungu kuanzia katikati ya Septemba. Mwenye bunduki husubiri hadi Novemba inapoelekea ukingoni, na msimu wake mkuu ni siku 9 tu. Kwa hiyo mpiga mishale hupata zaidi ya miezi 2 ya msitu mtulivu, kulungu hawajashtuliwa na milio ya risasi, na madume yameanza kuzurura yakitafuta majike. Ukiijua thamani ya miezi hiyo 2, utaelewa kwa nini Wamarekani wamebishana miaka na miaka juu ya swali linaloonekana la kitoto: upinde ni kitu gani?

Nimeitumikia sheria ya wanyamapori muda mrefu, kwanza kama askari wa doria, baadaye kama mwalimu wa askari. Swali hilo la Wamarekani limenifundisha mambo mengi ya kwetu kuliko nilivyotarajia. Niseme mapema ninapoelekea. Sheria ya silaha za uwindaji inapaswa kupima mambo mawili: kazi ambayo silaha inaifanya kwenye mwili wa mnyama, na mzigo ambao silaha hiyo inamwachia mwindaji. Ikianza kumtazama aliyeishika silaha badala ya silaha yenyewe, imeshapotea njia. Wamarekani wanayumba katika kipimo cha mzigo. Sisi Afrika Mashariki tulipotea katika hilo la kumtazama aliyeishika silaha, na hatujarudi.

Msimu wa mishale haukuanza kama mchezo wa matajiri. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu walikuwa wamepungua vibaya katika sehemu kubwa ya Marekani. Waliwindwa kwa ajili ya masoko ya nyama na ngozi, na misitu yao ilikatwa. Majimbo yakafunga uwindaji, yakafupisha misimu, yakapunguza idadi ya leseni. Hapo ndipo kikundi kidogo cha wapenda upinde kilipotoa hoja yenye nguvu: tupeni muda wetu peke yetu, kwa sababu silaha yetu ni dhaifu na tutaua wachache. Wisconsin ilikubali mwaka 1934, ikafungua msimu wa mishale katika wilaya za Columbia na Sauk. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine.

Tuiangalie hoja ile kwa makini, kwa sababu kila ugomvi uliofuata umezaliwa nayo. Wapiga mishale hawakupewa muda mrefu kwa sababu upinde ni silaha ya heshima au ya kale. Walipewa kwa sababu ni silaha ngumu. Lazima usogee hadi hatua 20 au 30 kutoka kwa mnyama mwenye pua na masikio makali kuliko yako, uvute kwa misuli yako, ushikilie ukitetemeka, kisha uachie bila kutikisika. Wengi wao watarudi nyumbani mikono mitupu, na sheria ilijua hivyo. Ule udhaifu ndio ulionunua miezi 2.

Kwa sababu hiyo, kanuni nyingi za majimbo zilimfafanua mpiga mishale kwa neno mkono. Upinde wa halali ni ule unaovutwa kwa mkono, unaoshikiliwa kwa mkono na unaoachiwa kwa mkono. Kifaa cha kuufunga upote, ule ugwe wa upinde, ukiwa umeshavutwa hadi mwisho kimekatazwa katika majimbo mengi, isipokuwa kwa mwenye ulemavu aliyepewa kibali. Sijasoma maneno mengi ya sheria yaliyo mafupi na yenye akili kama hayo. Ofisa akikukuta msituni hahitaji maabara. Anatazama tu: nini kinauzuia ule upote usirudi? Ni vidole vyako au ni chuma?

Kisha kikaja kifaa ambacho neno mkono halikukitarajia. Holless Wilbur Allen, mtu wa Missouri, aliomba hataza mwaka 1966 kwa upinde wenye magurudumu madogo kwenye ncha, akaipata mwaka 1969. Msomaji wa pwani atauelewa upinde huu upesi kuliko Mmarekani, maana ni kazi ya kapi. Baharia anayetweka tanga la jahazi hapandishi foromali kwa nguvu za mikono peke yake. Kamba hupita kwenye kapi, na kapi hubeba sehemu ya uzito. Upinde wa Allen hufanya hivyo kwa ujanja zaidi, kwa sababu gurudumu lake halina duara kamili. Mwanzo wa kuvuta ni mzito, lakini ukifika mwisho uzito unaporomoka ghafla. Katika pinde za leo asilimia 80 ya uzito hupotea, na nyingine hupita hapo. Upinde wa pauni 70, yaani kilo 32 hivi, ukishavutwa wote humwachia mwindaji pauni 14 tu za kushikilia. Hizo ni kilo 6 na kidogo. Anaweza kungoja dakika nzima kulungu ageuke, ilhali mwenye upinde wa mti mtupu angekuwa ameshachoka katika sekunde chache.

Je, huo bado ni upinde? Majimbo yalijibu ndiyo, na baada ya muda ndio ukawa upinde wa kawaida. Nadhani walijibu sawa, ingawa walipoteza kitu. Bado unauvuta mwenyewe mbele ya mnyama, na mwendo ule wa mkono ndio unaomshtua kulungu na kuharibu mawindo mengi. Mzigo ulipungua, haukuondoka. Majimbo machache yaliweka ukomo wa upungufu ule wa uzito, na hapo ndipo unapoona mtunga kanuni akijaribu kushikilia mlango ambao upepo umeshaufungua nusu.

Ugomvi mkubwa ulikuja na upinde wa mtambo. Chukua upinde mfupi, ulaze juu ya kitako kama cha bunduki, uufunge kwa kufuli, uweke kitufe cha kufyatulia chini na darubini juu. Huo ndio upinde wa mtambo. Unautega ukiwa bado nyumbani au chini ya mti, kwa kishikizo cha kamba au mkono wa kuzungusha, kisha unakaa nao umetegwa saa 4. Kulungu anapotokea huvuti chochote. Unalenga, unabonyeza.

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Mshale wa upinde wa mti huenda takriban mita 55 kwa sekunde. Kulungu akiwa mita 30 mbali, mshale utachukua zaidi ya nusu sekunde kumfikia. Lakini mlio wa upote husafiri kwa kasi ya sauti, mita 340 kwa sekunde, na humfikia kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kuisha. Kwa hiyo anasikia, anajikunja ili aruke, na mshale unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unampiga mahali usipolengwa. Upinde wa kapi hupeleka mshale karibu mita 90 kwa sekunde. Upinde wa mtambo wa siku hizi hufika mita 120 na zaidi, na mshale wake humfikia kulungu yule yule kwa robo ya sekunde. Mwindaji aliyekuwa na umbali wa hatua 25 sasa anajiaminisha kwa 60. Na kanuni ya idadi ya leseni ilikuwa imehesabiwa kwa mtu wa hatua 25.

Ohio iliukubali upinde wa mtambo mapema, miongo kadhaa iliyopita, na leo unaua kulungu wengi zaidi kuliko pinde nyingine katika jimbo lile. Pennsylvania na Michigan zilifungua milango yake mwaka 2009. Wisconsin, jimbo lile lile la 1934, iliwapa watu wote leseni ya upinde wa mtambo kuanzia msimu wa 2014, ikienda sambamba na msimu wa mishale, na ndani ya miaka michache kulungu walioangushwa kwa mtambo wakawazidi walioangushwa kwa mkono. Oregon upande wa magharibi ilishikilia kukataa kwa miaka mingi. Klabu ya Pope and Young, inayotunza rekodi za wanyama wakubwa waliowindwa kwa upinde tangu 1961, haiwaingizi vitabuni waliouawa kwa upinde wa mtambo.

Siwezi kuwadharau wanaoutetea. Mzee wa miaka 70 ambaye mabega yake yameisha anapata miaka 10 zaidi ya kuwinda na wajukuu zake. Mwanamke mwembamba asiyeweza kuvuta pauni 40 anaingia msituni. Na hali ya kulungu imegeuka kabisa tangu 1934: siku hizi majimbo mengi ya mashariki yana kulungu kupita kiasi, wanakula mazao, wanagongwa na magari, huku idadi ya wawindaji ikipungua. Idara za wanyamapori nazo huishi kwa leseni na kwa kodi. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 iliielekeza kodi ya bunduki ndefu na risasi zake, ambayo leo ni asilimia 11, ili fedha zirudi kwa wanyamapori, na mwaka 1972 bunge likaongeza vifaa vya upinde kwenye orodha. Kila upinde unaouzwa ni shilingi inayokwenda porini. Hizo ni sababu nzito.

Lakini sababu hizo ni za kuongeza mavuno, na msimu wa mishale haukuumbwa kuongeza mavuno. Ukitaka kulungu wapungue, ongeza siku za bunduki au leseni za majike, na useme wazi kwamba ndicho unachofanya. Ukimpa mwenye mtambo muda ulionunuliwa kwa udhaifu wa mkono, umelipa mara mbili bidhaa ambayo haipo. Wisconsin walau walitenganisha leseni, ili kila mmoja ahesabiwe kwa jina lake. Hilo nalisifu. Majimbo yaliyozichanganya pinde zote chini ya neno moja yamejinyima hata uwezo wa kujua nini kinaua nini. Mwenye ulemavu na mzee wapewe kibali cha mtambo bila kuhojiwa sana. Kijana mwenye mabega mazima autumie wakati bunduki zimeruhusiwa. Huo ndio msimamo wangu.

Vipimo vingine vya kanuni hizi haviwagombanishi watu sana, ila ni kazi nzuri. Majimbo mengi hutaka upinde wa kulungu uvute angalau pauni 40, mengine huridhika na 30, na upinde wa mtambo huanzia 100 au 125. Chembe cha mshale, kile chuma cha ncha, lazima kiwe na makali yasiyopungua mawili na upana wa kutosha, mara nyingi milimita 22, kwa sababu mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata mishipa na kumwaga damu. Chembe chenye miiba inayorudi nyuma hukatazwa, ili mshale uliompata mnyama vibaya uweze kuchomoka. Mshale wenye baruti hukatazwa. Ukienda na bastola kiunoni wakati wa msimu wa mishale, majimbo kadhaa sasa hukuruhusu kuibeba kwa ajili ya dubu au mtu mbaya, lakini ukiitumia kummalizia kulungu uliyemjeruhi umevunja sheria. Wapo wanaoona ukatili katika kanuni hiyo ya mwisho. Mimi naona busara: bila hiyo kila kulungu wa Oktoba angekuwa amekufa kwa risasi na kuandikwa kwa mshale.

Swali la majeraha, hata hivyo, halifichiki. Katika kituo cha jeshi la majini cha Indian Head, Maryland, waliandika kila pigo la mshale tangu 1989 hadi 2006. Wawindaji wake walikuwa wamepita mafunzo na mtihani wa kulenga. Kati ya kulungu 908 waliopigwa, 162 hawakupatikana. Ni asilimia 18, na waliotumia upinde wa kapi hawakutofautiana na wa mtambo. Si wote wale waliokufa, kulungu hupona majeraha ya ajabu, lakini mtu anayeutetea upinde lazima aibebe namba hiyo mfukoni kila anapozungumza. Waingereza waliitazama hali hiyo hiyo wakaamua kinyume: sheria yao ya mwaka 1981 inakataza upinde wa aina yoyote kwa kuua mnyama wa porini.

Sasa turudi nyumbani, na njia ya kurudi inapitia California.

Mwaka 1911 mtu mmoja wa kabila la Yahi, wa mwisho wa watu wake, alitokea karibu na mji wa Oroville, California, akiwa peke yake na njaa. Walimwita Ishi, neno la lugha yake lenye maana ya mtu. Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco hadi kifua kikuu kilipomuua mwaka 1916. Daktari aliyemtibu, Saxton Pope, alijifunza kwake kuchonga upinde, kutengeneza mshale na kumwendea mnyama kimya kimya. Pope aliandika kitabu mwaka 1923, na uwindaji wa upinde wa Marekani ya leo, pamoja na klabu ile yenye jina lake na la rafiki yake Art Young, umetokana kwa sehemu kubwa na mafunzo ya Myahi yule. Ukoo wa msimu wa mishale unapanda hadi kwa mtu ambaye watu wake waliuawa na walowezi.

Mwaka 1925 Pope na Young walikuja Tanganyika. Walitaka kuona kama upinde unaweza kumwangusha simba, wakawapiga simba kwa mishale huku wenzao wakisimama na bunduki za kuwakinga. Walikuja kihalali na kuondoka wakiwa mashujaa. Katika nchi ile ile, wakati ule ule, Mhadzabe, Msandawe na wawindaji wa makabila mengine waliokuwa na pinde tangu zamani wakiishi kwazo, walikuwa wameshaingizwa chini ya sheria za leseni zilizoanza na amri ya Wajerumani ya 1896. Upinde wa mgeni ulikuwa mchezo. Wa mwenyeji ulikuwa ujangili. Waswahili wana msemo wa mkuki kwa nguruwe; katika habari hii sioni mwingine unaofaa zaidi.

Mkataba wa London wa mwaka 1933 juu ya wanyama na mimea ya Afrika ulilikamilisha jambo. Ulitaka serikali zikataze taa za kupofusha, sumu, silaha zenye sumu, nyavu, mashimo na mitego. Ukiisoma orodha hiyo kwa macho ya mtaalamu utaona kuna mambo ya haki kabisa ndani yake, maana mtego hauchagui na shimo halijui jike mwenye mimba. Ukiisoma kwa macho ya historia utaona pia kwamba karibu kila njia aliyoitumia Mwafrika imo, na bunduki ya mzungu haimo.

Wawaata, ambao majirani waliwaita Waliangulu, ndio waliolipa zaidi. Hawa walikuwa wawindaji wa tembo wa nyika ya Tsavo na nyuma ya pwani ya Kenya. Pinde zao ndefu zilivuta zaidi ya pauni 100. Kwa kulinganisha, hiyo ni mara mbili na nusu ya kiwango kinachotakiwa na majimbo mengi ya Marekani kwa kulungu, na hakuna kapi la kumsaidia mtu. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msungu, jamii ya Acokanthera, ambayo dawa yake kali husimamisha moyo. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948 juu ya ardhi waliyokuwa wakiiwinda. Mwaka 1956 na 1957 walinzi wakiongozwa na watu kama David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha operesheni iliyowakamata wawindaji wao wengi na kuwafunga. Baadaye, mwaka 1960, ulianzishwa mpango wa Galana wa kuwapa Wawaata kazi halali ya kuvuna tembo, jambo jema kwa nia. Haukudumu ulivyokusudiwa, na ujuzi wa upinde ukabaki kwa wazee. Mwaka 1977 Kenya ikafunga uwindaji wa leseni kwa wote.

Nilipokuwa askari kijana tulimkamata mzee mmoja na upinde, podo lenye mishale 7 na ngozi ya digidigi. Niliandika upinde ule kwenye orodha ya vielelezo, nikaufunga kwa kamba pamoja na nyaya za mitego tulizozikusanya siku hiyo. Nakumbuka nilivyoona sawa kabisa kuvifunga pamoja. Waya ule unaua usiku na mchana, pundamilia na fisi na mtoto wa simba, hata baada ya aliyeutega kusahau ulipo. Upinde wa mzee ulihitaji asubuhi nzima ya kunyemelea ili upate mnyama mmoja. Karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kuandika tofauti hiyo, nami sikuitafuta. Niliikosea haki kazi yangu.

Sisemi haya ili kuipamba sumu. Mwezi Mei 2014 Satao, dume la tembo lenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, liliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu. Jangili wa meno ya tembo anaipenda sumu kwa sababu ile ile iliyomfanya mwindaji wa zamani aipende: haina mlio, askari hawasikii kitu. Silaha ambayo haisikiki na inaua mnyama wa tani 5 ni hatari mikononi mwa genge lenye soko. Sheria ya Tanzania ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inaikataza silaha yenye sumu, na kwa tembo, faru na twiga sitaki kuiona ikilegezwa hata kidogo.

Lakini swala na nyani na digidigi wa Bonde la Yaeda ni habari nyingine. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi ni watu wasiozidi elfu moja na mia chache. Huchonga pinde wenyewe, hufunga upote wa kano la mnyama, huweka manyoya ya ndege kwenye mshale, na huwa na aina mbalimbali za mishale kwa ukubwa wa mnyama, mingine mitupu ya ndege, mingine ya sumu ya wanyama wakubwa. Wao wenyewe wana kanuni ya silaha, na ni ya kitaalamu: chembe hufuata mnyama. Linganisha na Mississippi, ambako kuna wawindaji wa upinde wa kapi waliokuwa wakifunga kifuko cha dawa ya kulegeza misuli kwenye mshale ili kulungu asikimbie mbali, wakavumiliwa kwa miaka mingi. Hoja yao ilikuwa kupunguza majeraha yanayopotea. Ni hoja ya Mhadzabe, neno kwa neno, ila yeye hakuulizwa.

Namibia ilipoufungua uwindaji wa upinde mwishoni mwa miaka ya 1990 ilichagua kupima mshale wenyewe. Kwa mnyama mdogo mshale uwe na nishati isiyopungua futi-pauni 25, kama jouli 34, na uzito wa gramu 23 hivi. Kwa mnyama wa kati nishati ni 40. Kwa kudu na pofu ni 65 na mshale wa gramu 29. Mfumo kama huo unapendeza kwa sababu unauliza jambo ambalo mnyama angeliuliza: nitakufa upesi? Hauna haja ya kujua upinde umetoka kiwandani Marekani au umechongwa kando ya kijito. Huenda upinde wa Mhadzabe nao ungepita mtihani wa namna hiyo. Na mkono unaouvuta ni mkono kweli, bila kapi, bila darubini, bila kufuli.

Sheria yetu ya 2009 imeacha nafasi ya jamii za jadi kuwinda kwa idhini. Idhini bila kipimo cha silaha humwacha askari akiwa na hasira zake na mwindaji akiwa na hofu yake, kwa sababu hakuna kati yao anayejua mshale upi ni halali. Kanuni ya ukurasa mmoja ingetosha: wanyama gani, upinde wa kuvutwa kwa mkono, chembe cha namna gani, sumu ipi kwa mnyama yupi au isiwepo kabisa, msimu upi, na nyaya za mitego zibaki haramu kwa kila mtu bila huruma. Askari aweze kuikagua njiani kwa macho na mizani ya kuning'iniza, kama mwenzake wa Wisconsin.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa kijiji cha Mongo wa Mono walipewa hati ya ardhi yao. Wanaoandaa kanuni za wanyamapori waende huko, wakae chini na wazee wanaochonga mishale, na wawasikilize kabla ya kuandika neno lolote kuhusu upinde.